Waya wa Kijani Usikatwe: Kutengeneza Stima ya Boti Kuukuu Inapofungwa Gatini

Maneno haya yalizungumzwa na fundi mmoja wa stima katika semina ya vikundi vya wavuvi wa pwani. Kikundi kimoja kilikuwa kimeuliza hivi: pesa tulizoweka, tununue friza ya boti, ama tutengeneze waya kwanza? Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Vikundi vya ziwani nao wasome mpaka mwisho, maana kuna sehemu yao.



Nimeombwa nizungumze habari za stima ya boti, ile tunayovuta kwa kebo kutoka gatini boti ikiwa imelala. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu fundi asiyesema kosa lake huwafundisha wengine kulirudia.

Mwaka 2011 nilikuwa nikisaidia kikundi cha wavuvi waliokuwa na boti ya faiba ya futi 32, injini dizeli, iliyotengenezwa Marekani. Waliinunua mkono wa pili ili wavue nje ya mwamba. Kila jioni ikirudi, waliunga kebo gatini kuchaji betri. Baada ya miezi kadhaa mekanika akasema, "Jamani, zinki zinaliwa haraka." Mnazijua zile zinki, vipande vya madini vinavyofungwa chini karibu na rafadha ili chumvi ile hivyo badala ya rafadha yenyewe. Zilizokuwa zikikaa karibu mwaka mzima zilikuwa zinakwisha kwa miezi michache.

Mtu mmoja akaniambia, "Kata huo waya wa kijani kwenye kebo, zinki zitapona." Nikaukata. Na kweli zinki zikapona. Kikundi kikanisifu, nikanunuliwa chai na mahamri. Nilijiona mtaalamu.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja kijana wa kikundi alishuka ngazi ya gati, miguu mitupu, imelowa. Akanyosha mkono akashika reli ya boti. Mkono haukuachia. Wenzake walitaka kumvuta, lakini mama mmoja mchuuzi wa samaki akawapigia kelele wasimguse, akakimbia mpaka ukutani, akachomoa plagi. Kijana akaanguka katikati ya gati na boti. Alitolewa majini akiwa hai, namshukuru Mungu. Alama ya kuungua iko kwenye kiganja chake hadi leo, na kila ninapomwona namsalimia kwa mkono huo.

Ni kitu gani kilitokea? Ndani ya chaja, waya mmoja ulikuwa umechubuka ukagusa bodi ya chuma. Bodi hiyo ilikuwa imeungana na injini, na injini imeungana na reli. Kama waya wa kijani ungekuwepo, stima ingepita humo irudi gatini kwa nguvu, breka ingejizima pale pale, nasi tungejua kuna shida. Lakini njia ile nilikuwa nimeikata mimi. Basi stima ikakaa kwenye reli inangoja njia nyingine. Njia ile ikawa mwili wa kijana.

Ndugu zangu, jambo lenyewe ninalotaka mwende nalo nyumbani ni hilo. Waya wa kijani hauwashi taa, hauchaji betri, hauendeshi friza. Ukiukata, kila kitu kinaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo watu hudhani hauna kazi. Kazi yake ni siku moja tu, na siku hiyo ni ya kufa au kupona.

Mbona zinki zinaliwa?

Madini mawili tofauti yakiwa ndani ya maji ya chumvi, na yameungana kwa waya, yanakuwa kama betri ndogo. Yale dhaifu huliwa. Boti yako ikiwa peke yake, zinki yako inalinda rafadha yako. Ukiunga kebo ya gatini, waya wa kijani unakuunganisha na boti zote zilizounga hapo, pamoja na nguzo za chuma za gati. Sasa zinki yako imeajiriwa kuwa mlinzi wa kila jirani, na mshahara unalipa wewe.

Dawa yake si kukata. Kuna kifaa kinachofungwa ndani ya boti kwenye huo waya wa kijani, kinaitwa galvaniki aizoleta. Kinazuia ule mkondo mdogo wa kula madini, ambao nguvu yake ni kama volti moja hivi, lakini hitilafu kubwa ya stima ikitokea, kinaiachilia ipite. Kama pesa ya kifaa hicho haijapatikana, kuna dawa isiyo na gharama: betri ikijaa, chomoa kebo. Msiiache imeungwa wiki nzima kwa mazoea tu.

Ujue boti yako ilitoka wapi

Boti nyingi kuukuu tunazonunua zimezunguka dunia. Na kila nchi ina rangi zake za waya.

Katika waya za zamani za mtindo wa Uingereza, tulizozoea hapa Kenya, mwekundu ni wa moto, mweusi ni nyutro, kijani ni wa ardhi. Katika zile mpya, kahawia ni wa moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa manjano ni wa ardhi. Sasa sikizeni vizuri. Katika boti ya Marekani, mweusi ndio wa moto, na mweupe ndio nyutro. Fundi wa nyumba akifungua akaona mweusi, atasema "huyu ni nyutro, hana neno", kumbe ameshika moto wenyewe.

Tena katika boti hiyo hiyo, upande wa betri wa volti 12, mweusi ni hasi. Yaani rangi moja, ndani ya boti moja, mahali pamoja ni salama kugusa, mahali pengine inaua. Kwa hiyo msiamini rangi. Fundi apime kwa mita kila waya, kisha aufunge kibandiko chenye jina.

Kitu kingine: stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni volti 240. Kubadilisha plagi peke yake hakubadilishi boti. Chaja ya volti 120 ukiipa 240 itatoa moshi kabla hujaketi. Kwa boti ya namna hiyo nawashauri mtoe njia yote ya zamani ya stima ya gatini, mweke mpya ya volti 240, kuanzia pale kebo inapoingilia hadi soketi ya mwisho. Waya za volti 12 za taa na redio zinaweza kubaki kama bado ni nzima, lakini zipitishwe mbali na zile za 240.

Breka inalinda waya, RCD inalinda mtu

Watu wengi wanasema, "Fundi, sisi tuko sawa, tuna breka." Breka ya ampea 16 haijizimi mpaka mkondo uzidi ampea 16. Kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Lakini mtu anaweza kuuawa na mkondo ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea moja. Breka hata haitajua kwamba mtu amekufa.

Kifaa cha kumlinda mtu mafundi wanakiita RCD. Madukani wengine bado wanakiita ELCB. Kinalinganisha stima inayokwenda na inayorudi. Ikiwa inayorudi imepungua, maana yake kuna mahali inavuja, labda kwa mtu, basi kinakata. Nunueni cha miliampea 30, yaani sehemu 3 kwa 100 za ampea moja. Uvujaji ukifika kiasi hicho kinakata katika muda usiozidi theluthi moja ya sekunde.

Kiwekwe viwili. Kimoja gatini, kwa sababu kile cha ndani ya boti hakilindi kebo iliyo kati ya ukuta na boti. Cha pili ndani ya boti, karibu na mahali stima inapoingilia, isizidi mita 3, pamoja na breka inayokata waya zote mbili, wa moto na nyutro. Kwa nini zote mbili? Kwa sababu soketi nyingine za gatini zimefungwa kinyume, na breka ya kukata upande mmoja itakuachia moto ndani ya boti huku swichi imezimwa.

RCD ina kitufe cha kujaribu. Mkibonyeze kila mwezi, siku ya mkutano wa kikundi. Kisipojizima, kimekufa. Katibu aandike kwenye kitabu: tarehe, nani alibonyeza, kilikata au hakikukata.

Lakini kisitumiwe kama sababu ya kukosa waya wa kijani. Hivi viwili ni kama pingu na komeo mlangoni. Kimoja kikishindwa, kingine kipo.

Kebo, plagi na viungo

Nimeona boti zikiungwa kwa ekstensheni ya sebuleni, imewekwa kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe. Huo si ulinzi. Mfuko unashika jasho na chumvi ndani.

Tafuteni plagi ya bluu ya mviringo ya ampea 16, ile inayotumika pia kwenye mijengo, yenye kifuniko cha kuzuia maji. Kebo iwe ya mpira, nyuzi laini, unene milimita za mraba 2.5, urefu usizidi mita 25. Nyembamba kuliko hiyo inapoteza nguvu njiani na inapata joto. Kama imezungushwa kwenye gurudumu, ifunguliwe yote kabla ya kutumia, maana ikiwa imejikunja joto halina pa kutokea.

Upande wa boti uwe na pini za kiume zilizozama ndani ya kifuniko, na kebo iwe na matundu. Kuna mafundi wanaotengeneza kebo yenye pini za kiume pande zote mbili. Hiyo kebo inaua. Ukiiona, ikate vipande siku hiyo hiyo.

Ndani ya boti, msitumie waya mgumu wa nyumba, ule wa uzi mmoja. Boti inatetemeka, na waya ule hukatika ndani bila kuonekana nje. Wekeni wa nyuzi nyingi nyembamba, na mkiupata wa shaba iliyopakwa bati ni bora zaidi, hauliwi na chumvi upesi. Viungo viwe vya vichwa vya kubana kwa koleo maalum, ndani ya kisanduku kikavu, juu. Kusokota na kufunga tepu nyeusi, hapana. Na kiungo chochote kisikae ngamani, mahali maji yanapokusanyika.

Sisi wa pwani tunajua bamvua. Maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kebo iliyofungwa fupi maji yakiwa juu, itang'oa soketi yakishuka. Iachieni urefu, lakini isiguse maji, na kabla haijaingia kwenye plagi ilegee chini kidogo kama tumbo la kamba, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata kebo mpaka ndani.

Kuunga kuna utaratibu wake. Kwanza zima swichi kuu ya boti. Pili, unga upande wa boti. Tatu, unga gatini. Nne, washa. Ukitaka kuondoka, zima, chomoa gatini kwanza, kisha boti. Ukifuata hivyo hutashika kamwe mwisho wa kebo wenye moto juu ya maji.

Hesabu ya friza

Sasa nije kwa swali lenu. Volti 240 mara ampea 16 ni wati 3,840. Hiyo ndiyo mali yote mliyo nayo kwenye kebo ya bluu. Tuseme chaja inakula wati 500, friza ndogo 200, birika 2,000, na fundi anatumia mashine ya kusaga chuma ya wati 700. Jumla ni 3,400. Inatosha. Lakini mkiwa mmeunga kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, fyuzi ya plagi ni ampea 13, yaani wati 3,120. Fyuzi inaweza kuungua, na ninawajua vijana wetu, mmoja ataweka kipande cha waya badala ya fyuzi. Moto wa boti unaweza kuanzia hapo.

Friza basi si tatizo. Inakula kidogo, ingawa wakati wa kuanza inavuta zaidi. Tatizo ni kuifunga kwenye njia mbovu. Friza ina bodi ya chuma, inashikwa na mikono yenye maji ya barafu na chumvi, mara mia kwa siku. Kama kuna kifaa kinachohitaji waya wa kijani kuliko vingine, ni hicho.

Gati nayo ichunguzwe

Mnaweza kutengeneza boti ikawa kama mpya, lakini waya wenu wa kijani ukafika kwenye soketi ya gatini usikute chochote nyuma yake. Fundi apime kama ardhi ya gati iko hai, na kama waya wa moto na nyutro hazikubadilishwa. Ikiwa gati si yenu, ongeeni na mwenye gati kwa upole lakini kwa maandishi.

Na fundi mwenyewe awe na leseni. Tangu Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, leseni za mafundi wa stima hutolewa na EPRA. Mwambieni awaonyeshe. Asiyetaka kuonyesha, mpeni maji ya kunywa aende zake. Kabla ya kuwasha, apime njia yote kama inavuja, aandike alichokipata, atie sahihi. Karatasi hiyo ikae kwa katibu.

Kwa ndugu zetu wa ziwani

Wengine wanafikiri maji matamu ni salama kuliko ya chumvi. Ni kinyume. Maji ya chumvi yanapitisha stima kwa urahisi kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo nyingi hupita pembeni. Maji ya ziwa hupitisha kwa shida. Mwili wenye damu na chumvi ndani yake unapitisha vizuri zaidi, basi stima inaupendelea. Misuli inakaza, muogeleaji hawezi kupiga mkono, anazama kimya. Watu husema alishikwa na kichomi, ama husema mambo ya majini, kumbe ilikuwa ni stima ya boti.

Kwa hiyo ziwani ama baharini, mtu asiogelee wala kusugua boti kwa chini ikiwa kuna kebo yoyote iliyoungwa hapo. Na mkiona mtu ameshikwa, msiruke majini. Zimeni stima ya gati kwanza, kisha mrushieni boya au kamba kavu. Mkumbuke yule mama mchuuzi. Hakuwahi kusomea stima, lakini alijua mahali plagi ilipo. Je, kwenye gati lenu kila mtu anajua?

Pesa kidogo, tuanzie wapi?

Najua hazina ya kikundi si kisima. Kwa hiyo fanyeni kwa hatua, na kila hatua iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na bei ziulizwe maduka matatu kabla mweka hazina hajatoa senti.

Hatua ya kwanza ni waya wa kijani mzima na ardhi ya gati iliyopimwa. Ya pili ni RCD mbili na breka ya kukata pande mbili. Ya tatu ni kebo na plagi za bluu. Ya nne ni waya mpya ndani ya boti na chaja ya volti 240. Ya tano ni galvaniki aizoleta. Na ya sita ndiyo friza. Kabla hamjamaliza ya nne, kebo isiungwe. Betri ichajiwe na injini, au paneli ya sola kwa taa na redio, na samaki wakae kwenye barafu kama zamani. Barafu haijawahi kumshika mtu mkono.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22, inamtaka anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Ule ukingo hauongezi chumba wala haupambi nyumba. Uko kwa ajili ya yule atakayeteleza. Mimi niliubomoa ukingo wa watu ili kuokoa zinki. Ninyi msifanye hivyo ili kuharakisha friza.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Boti yetu, au boti iliyo jirani, ilitengenezwa nchi gani? Rangi za waya zake zimepimwa na nani?
2. Je, swichi ya kuzima stima ya gati iko wapi? Kila mwanachama aende akaiguse leo.
3. Ni kifaa gani katika kazi yetu ambacho hakiingizi pesa lakini kinalinda maisha? Tumekitunza, au tumekikata?
4. Nani atabonyeza kitufe cha RCD kila mwezi, na nani ataandika?